Maumivu sugu ya kiuno na kazi za Desemba: ndizi zimenywe kwa saa, si kwa uvumilivu

SWALI: Habari za kazi, daktari. Nina umri wa miaka 36, ni mama wa watoto watatu, na ninaishi Usa River, Arusha. Tangu nilipojifungua mtoto wa mwisho, miaka mitatu iliyopita, kiuno kinaniuma karibu kila siku, lakini picha ya eksirei haikuonyesha kitu. Kila Desemba tunakwenda kwa wakwe zangu Kibosho kwa wiki mbili. Nyumba inajaa watu zaidi ya 20, na kwa kuwa mimi ni mke wa kijana mkubwa, jiko linakuwa langu. Mwaka jana nilijikaza mpaka Krismasi ikapita, na tarehe 27 nikashindwa kunyanyuka kitandani kwa siku tatu. Mwaka huu nifanyeje? Niongeze dawa? Nivae mkanda wa kiuno? Na kwa nini picha haionyeshi kitu ilhali ninaumia?

JIBU: Pole sana, dada yangu. Nianze kwa kurekebisha cheo ulichonipa: mimi si daktari, ni mtaalamu wa fiziotherapia. Kwa swali lako hilo si hasara, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu imo katika namna unavyoifanya kazi yenyewe kuliko katika vidonge.

Kuhusu picha, eksirei huonyesha mifupa, na mifupa yako inaonekana iko salama, jambo ambalo ni la kushukuru. Haionyeshi misuli, haionyeshi mishipa ya fahamu, wala haionyeshi jinsi ubongo unavyozipokea taarifa kutoka kiunoni. Maumivu yakidumu zaidi ya miezi mitatu tunayaita sugu, na mara nyingi kufikia hapo jeraha la mwanzo limekwisha kupona, lakini mfumo wa fahamu umebaki na wasiwasi. Umewahi kumwona mbwa wa nyumba iliyoibiwa usiku? Kwa miezi kadhaa baada ya wizi hubweka hata jani la mgomba likianguka. Mbwa huyo si mwongo, na kubweka kwake ni kwa kweli kabisa, ila hakuna mwizi. Vivyo hivyo maumivu yako ni ya kweli, ingawa hayamaanishi kwamba kila unapoinama kuna kitu kinachanika.

Ndiyo maana nasema kosa la mwaka jana halikutokea tarehe 27. Lilitokea kati ya tarehe 20 na 24, pale ulipotumia maumivu kama kipimo cha kazi. Wagonjwa wengi ninaowahudumia hufanya hivyo: siku kiuno kikiwa kimetulia wanafua, wanapiga deki, wanamenya, wanateka maji, wanamaliza viporo vyote vya wiki, kiuno kikilipuka wanalala siku mbili au tatu, misuli inalegea, na wakiamka wana deni la kazi linalowafanya wakimbizane tena. Kila mzunguko unamwongezea mbwa yule sababu ya kubweka. Dawa yake ni kuigawa kazi kwa saa, yaani uache kabla maumivu hayajakuamuru kuacha.

Kipimo chako unaweza kukipata mwenyewe kabla ya kusafiri. Chagua kazi moja ya kuinama au kukaa, uifanye siku tatu tofauti hapo nyumbani, na kila mara uandike ni dakika ya ngapi maumivu yalipoanza kupanda. Narudia, yalipoanza kupanda, si yalipokuwa hayavumiliki. Tuseme umepata dakika 25, 30 na 20. Wastani ni 25. Punguza moja ya tano, utabaki na 20. Dakika hizo 20 ndizo dozi yako. Itegeshe simu kwa dakika hizo, na ikilia unaweka kisu chini, unainuka, unatembea mpaka getini na kurudi, au unalala chali dakika kumi huku miguu kuanzia magotini ukiwa umeilaza juu ya kiti, kisha unarudi. Sharti lililo gumu kwa akina mama wengi ni hili: siku nzuri nayo ni dakika 20. Ukishakaa wiki nzima bila kiuno kulipuka unaweza kuongeza dakika mbili, lakini nyongeza hiyo iache mpaka Januari.

Sasa tuingie jikoni, kwenye ndizi, kwa sababu nina hakika ndiko kiuno chako kinakoharibikia. Desemba iliyopita nilikaa uani kwa mama yangu nikawatazama dada zangu wakimenya mkungu mzima kwa ajili ya mtori. Mmoja alikuwa kwenye kigoda cha kimo cha shibiri moja. Magoti yalikuwa yamepanda juu ya nyonga, mgongo umepinda kama upinde, beseni la maji liko chini kati ya nyayo, na kila ndizi aliyoichuna alijikunja zaidi ili kuitumbukiza. Kwa kuwa mikono ilikuwa na utomvu, hakutaka kuinuka, kwani kuinuka ni kunawa na kunawa ni kupoteza muda. Alikaa hivyo saa moja na nusu, na alipotaka kusimama alishika ukuta kwanza. Sisemi kigoda ni kibaya kwa kila mtu. Mama yangu amekikalia miaka 50 na hana shida. Kwa kiuno chenye maumivu sugu, hata hivyo, kuinama kusikobadilika kwa muda mrefu ndiko kunakochokoza kuliko kuinama kwenyewe. Kalia kiti cha kawaida, weka beseni juu ya stuli ili mikono ifanye kazi usawa wa tumbo, paka mafuta ya kupikia viganjani ili utomvu usikuzuie kuinuka, na uanze jana yake jioni badala ya asubuhi ileile. Ndizi zilizomenywa zikilala kwenye maji zinakaa vizuri.

Kazi nyingine zinafuata kanuni hiyohiyo. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na hiyo ni kabla ya kuhesabu ndoo yenyewe. Tumia mbili za lita 10, moja kila mkono. Sufuria kubwa ishushwe na watu wawili. Deki ya kitambaa waachie vijana waliofunga shule, na wasikuambie hawajui. Mtoto wa miaka mitatu mara nyingi ana kilo 13 au 14, kwa hiyo akitaka kubebwa kaa kwanza, apande mapajani mwenyewe.

Kuhusu dawa, hapa naomba usome polepole. Parasetamo kwa mtu mzima ni vidonge viwili vya miligramu 500 kwa mara moja, kwa kuachana saa nne hadi sita, na visizidi vidonge nane ndani ya saa 24. Tatizo ni kwamba baadhi ya vidonge vya maumivu vinavyouzwa madukani ni mchanganyiko wa diklofenaki na parasetamo. Mtu anameza hivyo, kisha anaongeza parasetamo juu yake, na bila kujua amepitisha kipimo. Diklofenaki na ibuprofeni humezwa baada ya kula, kwa siku chache tu, na hazitumiwi pamoja. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, shinikizo la damu au ujauzito asizitumie bila kumwuliza daktari. Ukiongeza na pombe ya mbege ya sikukuu, tumbo linapata mzigo mwingine. Kumeza vidonge asubuhi ili uweze kufanya kazi mara mbili ndilo jambo ninalolikataa kabisa, kwa sababu dawa inanyamazisha kubweka lakini kazi bado inahesabiwa. Iwapo maumivu yanakunyima usingizi, mwone daktari. Zipo dawa za aina nyingine kwa maumivu sugu, ambazo hutolewa kwa cheti na kwa uangalizi.

Kuna dalili ambazo hazisubiri sikukuu iishe. Ukipata ganzi sehemu za siri au ndani ya mapaja, ukishindwa kukojoa au kuzuia haja, au mguu ukiishiwa nguvu, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata iwe Krismasi. Kutoka Kibosho, hospitali ya KCMC iliyoko Moshi si mbali. Homa, jasho la usiku na kupungua uzito pamoja na maumivu ya mgongo vinahitaji uchunguzi wa kifua kikuu cha uti wa mgongo, na pia wa bruselosi, ugonjwa tunaoupata kwa mifugo, hasa kwa kunywa maziwa mabichi. Jambo moja zaidi kwa kuwa unaishi upande wa Meru: maji ya sehemu nyingi huko yana madini ya floridi mengi kuliko kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Kuyachemsha hakuiondoi, na ikikusanyika mwilini kwa miaka mingi hukakamaza viungo na mgongo, si kubadili rangi ya meno pekee. Picha yako ni safi, kwa hiyo sidhani kama ndiyo sababu, lakini mtajie daktari ni maji gani unayokunywa na kwa muda gani.

Limebaki la mama mkwe, ambalo hukuliuliza lakini limo ndani ya barua yako. Usimweleze siku ya kwanza jikoni mbele ya wifi zako, maana hapo litasikika kama udhuru. Mwombe mume wako ampigie simu mama yake mapema, aseme wazi kwamba una ugonjwa wa kiuno na kwamba utasimamia jiko bila kubeba. Kusimamia jiko la watu 20 ni kazi kamili: kujua nani anachuna mbuzi, nani anapika ndizi, mchele utatosha au hautoshi. Mke wa kijana mkubwa akiwa na daftari na kalamu hakosi heshima.

Mkanda wa kiuno unaweza kuuvaa saa moja au mbili wakati wa kazi nzito, kisha uuvue. Ukiuvaa kutwa, misuli inaweza kuuachia kazi yake. Na siku mtakaporudi Usa River, nguo chafu za wiki mbili zitakuwa kwenye mabegi. Zigawe katika siku nne, ukianza na sare za shule.