Re: Straika wangu anagoma kusaini, nifanyeje?

Mkuu, umesema straika wako wa miaka 21 kwenye Football Manager (gemu la kompyuta la kuwa kocha wa timu ya soka) anataka mshahara mara tatu, mkataba unaisha Juni, na ukimkemea mazoezini ananuna. Usimpe hizo hela. Ukimpandisha yeye, wiki ijayo nahodha na beki wa kushoto wako mlangoni, nao wanadai nyongeza. Yalinikuta.

Kwanza fungua wasifu wake usome haiba. Kama ripoti ya makocha wako inaonyesha ana tamaa ya makuu na uaminifu hana, hata ukimlipa ataondoka tu. Muuze Januari, kwa sababu miezi 6 ya mwisho klabu za nje zinaruhusiwa kumsainisha bila kukulipa ada ya uhamisho.

Kama tatizo ni hasira tu, muweke kundi moja la malezi (kundi ambalo dogo huiga tabia za wakubwa) na wakongwe wawili wenye nidhamu. Lakini wawe wanacheza! Mimi nilimtumia kipa wa tatu, mzee wa miaka 36, dogo hakubadilika hata chembe. Na usitegemee matokeo ndani ya mwezi.

Mezani kwenye mazungumzo ya mkataba, shusha mshahara, ongeza posho ya mabao na ya mechi. Kile kipengele cha kumlipa sawa na anayelipwa zaidi kikosini kifute na ukifunge kabisa wakala asikirudishe, hicho ni sumu. Na usimwahidi unyota halafu umpige benchi, marafiki zake wote watakuja ofisini kwako kulalamika.

Wakala akikaza, nyanyuka mezani, rudi baada ya wiki kadhaa dogo akiwa katoka kufunga na kusifiwa.