Mama mdogo alisubiri miezi miwili angani

Mwezi wa nane mwaka 2018 nilipokea ujumbe kwenye kundi la watu tuliosoma pamoja. Ulisema kwamba usiku wa kuamkia tarehe 27, saa 6:30, sayari ya Mirihi itaisogelea dunia mpaka ionekane kubwa kama mwezi mpevu. Mbinguni kutakuwa na miezi miwili. Haitatokea tena hadi mwaka 2287. Chini yake, kwa herufi kubwa: WAONYESHE WATOTO, HAKUNA ALIYE HAI LEO ATAKAYEIONA TENA. Nilikuwa ndani ya daladala ya Mwenge kwenda Posta, mkono mmoja umeshika bomba. Nikabonyeza kwa kidole gumba, nikaupeleka kundi la familia, nikarudisha simu mfukoni. Kazi yote haikuchukua sekunde kumi.

Mama mdogo anakaa Muheza, Tanga. Si mwandikaji kundini. Anasoma, anaweka alama ya dua, basi. Usiku ule alitandika mkeka uani, akawaamsha wajukuu wanne, yule mdogo kabisa akamfunika kanga kwa sababu ya umande, wakakaa kusubiri. Mwezi ulikuwa umejaa, uko utosini. Wakaungoja wa pili. Saa sita na nusu ikapita, saa saba ikapita, watoto wakaanza kulala mmoja mmoja pale pale mkekani. Asubuhi akanipigia. Hakunigombeza hata kidogo. Aliniuliza tu, "Mwanangu, au sisi tuliangalia upande sio?"

Swali lile liliniuma kuliko lawama yoyote. Kosa alijitwika yeye. Hakuwa na sababu ya kuitilia shaka habari, maana imetoka kwangu, na mimi kwake ni mtoto aliyesoma. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo sasa namwambia kila anayependa kutuma vitu vya ajabu: ukipeleka habari kwa watu wako, hawapimi habari, wanakupima wewe. Wanaiamini kwa jina lako. Yule aliyeitunga hata hawamjui.

Nikaifuatilia. Ujumbe ule ulikuwa na umri wa miaka 15. Tarehe 27 Agosti 2003 Mirihi ilikuwa kweli karibu mno, kama kilomita milioni 56, ukaribu ambao haukuwa umetokea kwa takribani miaka 60,000. Na kweli ukaribu ule haupitwi hadi mwaka 2287. Wakati huo ilizunguka barua pepe iliyoeleza kwamba kwa darubini inayokuza mara 75, Mirihi itaonekana kubwa kama mwezi unavyoonekana kwa macho. Sentensi hiyo haina uongo. Lakini kila ilipopita mkono iliacha kitu njiani. Ikaacha darubini, ikaacha mwaka, ikabaki na tarehe na mwezi. Tangu hapo, Agosti ikifika, inaamka.

Ningeweza kuigundua hata bila intaneti, kwa hesabu ya darasani tu. Kipenyo cha Mirihi ni karibu mara mbili ya kipenyo cha mwezi. Ili vilingane machoni, Mirihi ingebidi iwe mara mbili tu ya umbali wa mwezi, yaani kama kilomita 750,000. Kutoka milioni 56 hadi laki saba na nusu! Sayari ikifika hapo, watu hawangekuwa wakiarifiana kwa ujumbe wa kufowadiwa.

Na kinachonisikitisha mpaka leo ni hiki. Usiku ule Mirihi ilikuwepo. Mwishoni mwa Julai mwaka huo ilikuwa imekaribia hadi kilomita milioni 57.6, karibu kuliko wakati wowote tangu 2003. Ilikuwa upande wa magharibi wa mwezi, nyekundu, imetulia, haimetimeti kama nyota. Mjukuu mmoja, wa miaka saba, aliiona. Akamuuliza bibi yake ile nyekundu ni nini, akaambiwa anyamaze, wanasubiri mwezi wa pili.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema dawa ni kuacha kutuma mambo ya ajabu. Dunia ina maajabu ya kweli na watoto wa Muheza wana haki nayo. Ninachoomba ni kwamba ajabu lifike likiwa zima.

Kitu cha kwanza ninachotafuta siku hizi ni mwaka. "Tarehe 27 mwezi huu" haitoshi. Mwezi upi, wa mwaka gani? Habari isiyo na mwaka wala mahali naiacha ilale mpaka nivipate. Kwenye WhatsApp naangalia pia ile mishale miwili juu ya ujumbe, alama kwamba umepita mikono mingi. Alama hiyo haisemi kwamba ni uongo. Inanikumbusha tu kwamba aliyenitumia naye hajui ulikotoka. Watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2018, walifuatilia habari kama 126,000 zilizopita Twitter kati ya 2006 na 2017, wakakuta habari ya kweli ilichukua muda mara sita ya ile ya uongo kuwafikia watu 1,500. Waliosukuma uongo mbele walikuwa watu hasa, kuliko programu za kompyuta. Watu kama mimi, na mkono mmoja kwenye bomba.

Kitu cha pili kinataka uvumilivu zaidi: kutenganisha picha na maneno yaliyobandikwa juu yake. Machi mwaka huo huo wa 2018, baada ya mvua kubwa, ardhi ilifunguka Kenya na kuikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Video zilizunguka dunia nzima zikiwa na kichwa kimoja: Afrika inapasuka vipande viwili. Picha ilikuwa ya kweli, ufa ulikuwa wa kweli, watu waliokaribu nao walipata hasara ya kweli. Na Bonde la Ufa kweli linapanuka. Lakini linapanuka kwa milimita chache kwa mwaka, polepole kuliko kucha zako zinavyoota, na bahari kuingia katikati ni suala la mamilioni ya miaka. Wanajiolojia wengi waliolizungumzia walisema ufa ule ulifumuliwa na maji ya mvua yaliyosomba udongo mwepesi wa majivu ya volkano. Tazama basi: mambo mawili ya kweli yamegandishwa pamoja, yakazaa la tatu ambalo si kweli. Mimi naona uongo wa aina hii ndio mgumu kuliko wote, kwa sababu ukimpinga mtu anakuonyesha picha, na picha ipo.

Wakati mwingine inatosha kungoja siku mbili. Tarehe 30 Desemba 2024 pete kubwa ya chuma ilidondoka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni. Nilitumiwa picha yake na watu watatu, kila mmoja na maelezo yake. Nikajizuia. Tarehe 1 Januari Shirika la Anga la Kenya likatoa taarifa: pete ina kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kama kilo 500, na kwa uchunguzi wa awali ni ya kutenganishia sehemu za roketi. Vipande vya namna hiyo kwa kawaida huungua vikiingia angahewa au huangukia baharini. Ndipo nikatuma kundini, na sentensi yangu moja juu: "Taarifa ni ya awali, uchunguzi unaendelea." Watu walishangaa vile vile. Kusubiri hakukupunguza utamu wowote.

Habari zinazoanza na "wanasayansi wamethibitisha" nazifungua mpaka chini, nikitafuta maneno ya hao wanasayansi wenyewe. Ikiwa ni dawa, naangalia imejaribiwa kwa nani. Mara nyingi aya ya mwisho ndiyo inayosema ni panya. Septemba 2011 kundi la wanafizikia lilitangaza kwamba chembe ziitwazo nyutrino, zilizotoka CERN, maabara ya fizikia karibu na Geneva, Uswisi, kupita chini ya ardhi kilomita 730 mpaka Gran Sasso, Italia, zilionekana kuwahi mwanga kwa nanosekunde 60 (sekunde moja ina nanosekunde bilioni moja). Vichwa vya habari vikasema Einstein, aliyefundisha kwamba hakuna kinachoshinda kasi ya mwanga, amekosea. Wenyewe walisema kitu kingine: tumetafuta kosa hatujaliona, tusaidieni kulitafuta. Mwaka uliofuata likapatikana. Kwa kiasi kikubwa ni waya wa fiber ambao haukukazwa vizuri. Mimi nawaheshimu watu wale sana. Waliosoma kichwa tu waliwaona wamepatwa na aibu. Aliyesoma maneno yao aliona watu waaminifu kazini.

Sasa niseme kuhusu maoni, maana hapo tunaumizana. Tuna kasi ya kuamini, na tuna kasi ile ile ya kucheka. Mtu akiweka jambo geni, wa kwanza anaandika "uongo huo", wa pili anaweka nyuso tano zinazocheka, na aliyeuliza kwa nia njema hatauliza tena.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, mkoa huo huo wa mama mdogo. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu ya maziwa na sukari. Yeye aliogopa kukosa nafasi kwenye friji, akaingiza maziwa yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu yake yalikuwa yameganda, ya mwenzake aliyeyaingiza bila kuyachemsha bado ni uji mzito. Akamuuliza mwalimu, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa. Baadaye, mwalimu mwingine akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Alipokuwa shule ya Mkwawa, Iringa, akamuuliza swali lile lile Dennis Osborne, mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam. Wenzake wakamcheka. Osborne naye hakuamini, lakini aliporudi Dar aliomba jaribio lifanywe. Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja, na jambo lile leo linaitwa kwa jina la Mpemba dunia nzima. Mjadala wake haujaisha. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima upya wakasema hawaoni ushahidi wa kutosha. Hata huko kubishana kwao kumefanywa kwa kipimajoto, si kwa kicheko.

Ndiyo maana kabla ya kuandika maoni najiuliza kama nina swali au nina kejeli. Kama ni swali naliandika: imepimwa wapi, nani alikuwepo, lini? Aliyetuma akiwa mkubwa wangu simsahihishi mbele ya wajukuu. Namwandikia pembeni, "Shikamoo mjomba, ile habari nimeifuatilia, inaonekana ni ya zamani," na mara nyingi anarudi mwenyewe kundini kuirekebisha kwa sauti yake, jambo ambalo lina uzito kuliko maneno yangu. Isipokuwa ikihusu dawa, ugonjwa au pesa. Hapo sisubiri, naandika pale pale, kwa adabu, kwa sababu kuna mtu anaweza kuinywa usiku huo.

Na kosa likiwa langu, narekebisha mahali nilipokosea, mbele ya wale wale. Kuufuta ujumbe kimya kimya ni kuwaacha na uongo uliokwisha ingia kichwani. Niliandika kundini siku ile ile aliyonipigia mama mdogo: nilipeleka bila kusoma, Mirihi haiwezi kuwa kubwa kama mwezi, na ile nyekundu aliyoiona mtoto ndiyo Mirihi yenyewe.

Oktoba 2020 ilikaribia tena, kilomita milioni 62. Safari hii niliandika mwenyewe, mistari mitano. Baada ya magharibi, tazameni mashariki. Ni nyekundu, haimetimeti. Ni ndogo, kama nyota, ila angavu sana. Usiku ule mama mdogo akanitumia picha yenye giza, michungwa chini na nukta moja juu yake, halafu sauti ya sekunde chache, watoto wakipiga kelele nyuma: "Tumeiona. Huyu mwenzio anasema ndiyo ile ile."