Naomi wa Biblia na Naomi wa Japani
Je, Naomi la Biblia na Naomi la Kijapani ni jina moja? Hapana, si jina moja lililosafiri hadi Japani. Yamegongana sauti tu. La Kiebrania lina mzizi wa kupendeza, ndiyo maana katika Ruthu 1:20 Naomi mwenyewe anakataa kuitwa hivyo, anataka Mara, yaani uchungu. La Kijapani ni "nao" na "mi", na maana hutegemea herufi: 直美 ni unyoofu na uzuri, mara nyingi la kike, ila 直己 ni la kiume, kama la msafiri Mjapani Naomi Uemura aliyefika Ncha ya Kaskazini peke yake mwaka 1978. Kwa hiyo uliza kwanza limeandikwaje. Mchezaji tenisi Naomi Osaka huandika なおみ, herufi za sauti tupu. Orodha za majina zinazompa maana ya "mzuri" zinabahatisha.