Hela ya nchi nzima inahesabiwaje, na ile ya M-Pesa imo?

SWALI: Habari mtaalamu. Hotuba ya bajeti kila mwaka wanataja "ujazi wa fedha kwa tafsiri pana zaidi". Ndo noti zote BoT (Benki Kuu ya Tanzania) walizotoa? Na hela yangu ya M-Pesa si inahesabiwa mara mbili, kwenye simu na kule benki?

JIBU: Salama mkuu. Noti ni sehemu ndogo tu, hela nyingi ya nchi ni tarakimu kwenye vitabu vya benki. Mimi niliwahi kukaa benki upande wa ripoti, kila mwezi tunaituma BoT tukionyesha amana za wateja, wao wanaunganisha za benki zote na vitabu vyao wenyewe halafu wanafuta zile benki zinazodaiana zenyewe kwa zenyewe, hapo ndo kazi ilipo, usihesabu kitu mara mbili.

Inapangwa hivi. M1 ni noti na sarafu zilizo nje ya benki plasi hela za kwenye akaunti unazoweza kutoa muda wowote, kama ile ya hundi. Ukiongeza akiba na fiksi (hela zilizofungwa benki kwa muda maalumu) unapata M2, ndo tafsiri pana. Ukiweka na amana za fedha za kigeni, dola hasa, unapata M3, hiyo "pana zaidi" uliyoisikia.

Noti zilizolala kwenye sefu ya benki hazimo, ila ya kwenye kibubu cha bibi imo hata kama panya wameshaitafuna, maana BoT anajua alichotoa na kilichopo benki, kinachobaki anahesabu kiko kwa wananchi. Dola za kwenye godoro hazimo kabisa. Akaunti ya serikali pale BoT nayo haimo, mpaka siku mkandarasi alipwe hela iingie akaunti yake, hapo ndo ujazi unapanda.

Na mkopo je? Benki ikikukopesha milioni 10 haimpunguzii mtu mwingine akaunti yake, inaandika tu milioni 10 kwako, basi ujazi umeshaongezeka na hakuna noti hata moja iliyochapwa. Watu wengi hapa huwa wananibishia.

Sasa M-Pesa. Kila shilingi ya kwenye simu lazima kuwe na shilingi yake imekaa kwenye akaunti ya dhamana benki, kampuni ya simu hairuhusiwi kuichezea. Inayohesabiwa ni ile ya benki, ya kwenye simu ni kama risiti yake. Ukimpa wakala elfu 50 akuwekee, floti yake (salio lake la kwenye simu) inapungua, salio lako linaongezeka, keshi inabaki kwenye droo yake, yaani hela imebadilisha mkono tu hakuna mpya.

Angalizo moja kuhusu M3, zile dola zinageuzwa shilingi kwa bei ya siku hiyo, kwahiyo shilingi ikishuka M3 inavimba hata kama hakuna mtu aliyeweka senti. Mimi huwa naanza na M2 kwanza. Na tangu Januari 2024 BoT hawaongozi tena sera kwa kulenga kiasi cha hela, wanatumia riba ya Benki Kuu, walianza na 5.5%, ila hizi M bado wanazitoa kwenye ripoti yao ya uchumi ya kila mwezi, ipo bure tovutini kwao.