Bia Yako Kali Imegoma? Hesabu Hamira Kwanza

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, bia yangu kali imegoma njiani, hidromita haishuki tena. Niongeze sukari?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Swali hilohilo niliwahi kuliuliza mimi. (Hidromita ni kile kipimo cha uzito wa bia: hamira ikila sukari, namba hushuka.)

Nilikuwa nimepika lita 20, hidromita ikisoma 1.090. Kimea nilichotumia kingetosha bia mbili za kawaida. Nikamimina pakiti moja ya hamira ya majimaji, nikaenda kulala nikijiona bingwa. Siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu pakatokea povu jembamba ukingoni mwa ndoo, kama mate ya mtu aliyesinzia. Baada ya wiki tatu kipimo kiliganda kwenye 1.042. Nikamwonjesha rafiki yangu, mpikaji mwenzangu. Alikunywa funda moja, akaweka glasi mezani taratibu, akaniuliza, "Hii ni ya kikohozi?"

Ndoo nzima niliimwaga. Hajaniomba radhi mpaka leo, nami sijamwalika tena.

Hesabu nilikuja kuifanya baadaye, wakati ilitakiwa itangulie. Bia ya aina ya eli, ile inayochachuka kwenye joto la kawaida, huhitaji kama seli 750,000 za hamira kwa kila mililita, kwa kila digrii ya Plato, yaani kipimo cha sukari iliyomo. 1.090 ni karibu digrii 21.5, hivyo lita 20 zinadai seli bilioni 320 hivi. Pakiti mpya ina kama bilioni 100, na kadiri inavyokaa kwenye friji ndivyo zinavyokufa. Hizo chache hulazimika kuzaana kwanza, na kileo kinapopanda kinazikuta zimechoka.

Safari hii nilianza na hamira yenyewe, wiki nzima kabla ya kupika. Gramu 100 za unga wa kimea (sharubati ya kimea iliyokaushwa, si kimea kilichosagwa) kwa lita moja ya maji, chemsha dakika 15, poza kabisa, mimina hamira, funika mdomo wa chupa kwa foili bila kukaza. Kisha tikisa kila ukipita. Mimi niliamka hadi usiku kuitikisa. Mke wangu akauliza kama tumepata kichanga bila yeye kujua. Baada ya siku mbili iweke kwenye friji mpaka hamira itulie chini, nyeupe na nzito kama uji. Maji ya juu yamwage, weka lita 2 mpya za kimea kilekile chepesi, rudia. Chepesi, narudia! Lengo hapa ni kuinenepesha hamira, si kuilevya.

Na usafi, jamani. Kila kitu kitakasike. Na siku ya kupika, bia ikishapoa, ipige hewa ya kutosha kabla ya kutia hamira. Watu wanakimbilia kununua mitambo, hamira wanaitupia kama chumvi.

Asubuhi yake povu lilikuwa limepanda hadi kuziba kijibomba cha hewa. Jumamosi hidromita imesoma 1.019. Nimepima mara tatu, mara ya tatu kwa raha tu.

Kwa hiyo ndugu yangu, sukari usiongeze. Kuza hamira mpya, imimine ikiwa bado inatoa povu, na ndoo uiweke mahali penye joto kidogo zaidi.

Chupa moja nimemtengea yule rafiki. Sijaamua kama nitampa.