Kwa nini nyimbo hizi za Kilatvia hurudia neno «līgo»

Ndugu, umeuliza kwa nini karibu kila wimbo katika albamu mpya ya Kilatvia uliyoisikiliza unarudia neno «līgo». Neno hilo ni kiitikio, nalo ndilo linaloutambulisha wimbo kuwa ni wa Jāņi, sikukuu ya katikati ya kiangazi ambayo Walatvia huikesha usiku wa tarehe 23 Juni kuamkia 24. Manju huanzisha mstari, wenzake huudaka na kuuongezea «līgo, līgo», na mara nyingi kundi jingine hushikilia sauti moja nzito bila kuiachia, ndiyo maana hata katika rekodi za studio utasikia mvumo huo ukipita chini ya kokle, ala yao ya nyuzi inayopakatwa. Maneno yenyewe aghalabu hayatungwi upya: Krišjānis Barons alichapisha kati ya mwaka 1894 na 1915 nyimbo fupi za jadi zipatazo 218,000, nyingi zikiwa na mistari minne tu, na wanamuziki wa leo huchota humo. Usiku wa Jāņi moto hauachwi uzimike mpaka jua lichomoze, wanaume huvaa mashada ya majani ya mwaloni na wanawake ya maua, na huliwa jibini yenye mbegu za kisibiti, ikishushiwa na bia. Binafsi naona midundo ya kielektroniki, ikizidi, huuzamisha mvumo ule. Rudia kusikiliza kwa spika za masikioni.