Wasomaji Wanauliza: Dukas Anakaa Kundi Gani?

Barua nyingi za safari hii zimetoka Nyanda za Juu Kusini, na karibu zote zinahusu mchezo mmoja: fumbo la majina 16 ya watunzi wa muziki wa klasiki, yanayopangwa katika makundi manne ya wanne wanne. Kila kundi lina kinachowaunganisha, hakuna jina linalobaki, na mkifikisha makosa manne mchezo umekwisha.

Ndugu wajuzi, salaam. Sisi ni wanakwaya wa Tukuyu, tukimaliza mazoezi huwa tunakaa kufumbua mafumbo. Hili limetushinda: Paganini, Sibelius, Telemann, Poulenc, Dukas, Bellini, Honegger, Palestrina, Glazunov, Auric, Rossini, Salieri, Tailleferre, Nielsen, Milhaud, Puccini. Tulianza na Waitaliano, tukakosea. Tukahamia kwa Wafaransa, tukakosea tena. Makosa yakaisha hatujapata hata kundi moja. Tulikwama wapi?

Mlikwama kwenye utaifa, mahali ambapo mtungaji wa fumbo alijua mtakimbilia. Hesabuni kwanza. Waitaliano ni sita: Palestrina, Salieri, Rossini, Bellini, Paganini na Puccini. Wenye asili au makazi Ufaransa nao ni sita: Dukas, Poulenc, Milhaud, Auric, Tailleferre na Honegger, aliyezaliwa Le Havre na wazazi wa Uswisi. Sifa inayowagusa watu sita haijawa kundi bado. Iacheni mezani, msiiguse.

Kuna mtego mkali zaidi ndani ya huo. Mkisema "watunzi wa opera wa Italia" mnawapata Salieri, Rossini, Bellini na Puccini, wanne kamili bila kulazimisha. Wengi huanguka hapo. Kabla ya kufunga kundi lolote, tazameni anayeachwa nje: Paganini, mpiga violini, anabaki na nani? Palestrina ni wa karne ya 16 na misa zake. Hawashirikiani chochote ambacho kingewaleta wengine wawili. Kundi likiwa zuri lakini likamwacha mtu yatima, basi kundi hilo si sahihi.

Anzeni na wale wasio na wenzao dhahiri. Nielsen ni wa Denmark, Sibelius wa Finland, Glazunov wa Urusi. Nchi haiwaunganishi, na mitindo yao haifanani kiasi cha kuwa kundi. Watu wa namna hiyo wakikaa meza moja, fikirieni tarehe. Nielsen alizaliwa tarehe 9 Juni 1865, Glazunov 10 Agosti 1865, Sibelius 8 Desemba 1865. Wa nne ni Dukas, 1 Oktoba 1865. Kundi la kwanza hilo.

Sasa Wafaransa wamebaki watano, na wote watano walikuwa katika Les Six, kundi la watunzi sita lililopewa jina hilo na mhakiki Henri Collet mwaka 1920. Wa sita, Durey, hayumo kwenye fumbo lenu. Watano kwa nafasi nne maana yake mmoja anatoka. Msikisie nani, wekeni watano hao pembeni.

Mtazameni Telemann. Ni Mjerumani pekee katika orodha nzima, alizaliwa 1681, hana rika wala mwenzake. Mtunzi mkubwa akikaa peke yake hivyo, acheni kufikiria muziki, someni herufi. Telemann anaanza na *tele*, Palestrina na *pale*, Salieri na *sali*. Nani anaanza na neno la Kiswahili tena? Dukas ana *duka*, na ndiyo maana fumbo lilionekana gumu. Lakini yeye akiondoka, waliozaliwa 1865 wanabaki watatu. Basi ni Tailleferre, mwenye *tai*. Poulenc, Milhaud, Honegger na Auric wanakuwa kundi la Les Six, na Rossini, Bellini, Puccini na Paganini, ambao majina yao yote yanaishia na *ini*, wanafunga hesabu.

Hata hivyo, fumbo lina kasoro na tunamlaumu mtungaji. Auric anaanza na *au*, ambalo nalo ni neno. Mtu angeweza kumweka Auric na akina Telemann, Tailleferre akabaki Les Six, na jibu likakubalika vilevile. Fumbo lenye majibu mawili ni bovu. Dawa ni moja kati ya mbili: kutangaza mwanzoni kuwa neno lisipungue herufi tatu, au kumtoa Auric na kumweka Durey. (Sibelius ana *si* na Nielsen ana *ni*, ila hao hawaharibu kitu, kwa sababu wakitoka, kundi la 1865 linavunjika.)

Hapa Kihesa, Iringa, tulipata fumbo lililochanganya majina na namba za kazi. Kundi moja lilikuwa la Mozart. Tukaweka kadi iliyoandikwa "Sonata K. 141", ikakataliwa. Kwani K si ya Mozart?

K ni ya wawili. Kwa Mozart inasimama kwa Köchel, aliyechapisha orodha ya kazi za Mozart mwaka 1862. Kwa Domenico Scarlatti inasimama kwa Kirkpatrick, aliyeziorodhesha sonata zake 555 mwaka 1953. Waangalifu huandika Kk. kwa Scarlatti, lakini mtungaji wa mafumbo mara nyingi huacha K tupu makusudi.

Tumieni mpaka wa 555. Orodha ya awali ya Köchel inafika 626, ambayo ni Requiem (misa ya wafu), kwa hiyo K yoyote inayozidi 555 ni ya Mozart bila mjadala. *Ave verum corpus* ambayo kwaya nyingi zinaijua ni K. 618. Chini ya 555 tazameni aina ya kazi. Karibu kila kitu cha Scarlatti chenye K ni sonata ya kinanda, kwa hiyo simfonia, misa au opera si yake. K. 141 ya Mozart ni Te Deum. Sonata yenye namba hiyo ni ya Scarlatti. Pagumu ni pale neno sonata linapoungana na namba isiyozidi 555, kwa mfano Sonata K. 545, kwa kuwa wote wawili wana sonata yenye namba hiyo. Hapo hesabu ya kadi zilizobaki ndiyo itaamua.

Herufi nyingine hazina ujanja mwingi. BWV ni Bach, HWV ni Handel (*Messiah* ni HWV 56), RV ni Vivaldi, D ni Schubert. Hob. ni Haydn na hufuatwa na namba za Kirumi: I kwa simfonia, III kwa kwarteti za nyuzi, XVI kwa sonata za piano. Op. (opus, yaani kazi) haimtambulishi mtu yeyote.

Makambako: Johann Strauss na Richard Strauss ni ndugu?

Hapana. Johann baba na Johann mwana walikuwa wa Vienna na walzi zao. Richard alizaliwa Munich mwaka 1864, ukoo mwingine kabisa. Kadi ikisema "Strauss" tu, mtungaji ameacha mlango wazi, na mna haki ya kulalamika.

Sisi wa Njombe tunagombana. Kila mtu anasogeza kadi anavyotaka, vijana wanafungua simu, wazee wananuna. Mchezo uendeshweje?

Kadi ziguswe na mtu mmoja tu, naye awe yule anayezungumza kidogo. Wengine wanasema, yeye anasogeza. Kundi halifungwi mpaka mtu mwingine, si aliyelipendekeza, ataje kwa sauti kinachowaunganisha wote wanne na kueleza kwa nini wa tano hafai. Kanuni hiyo peke yake huondoa makosa mengi, maana watu hukosea zaidi kwa kukimbilia wanne wa kwanza wanaofanana.

Kwa idadi, wanne au watano kwa meza wanatosha. Wakifika saba gawanyeni meza mbili zenye fumbo moja. Gawaneni na ujuzi pia: mmoja ashike miaka, mmoja nchi na shule za watunzi, mmoja majina ya kazi, na mmoja asiyejua muziki kabisa asome herufi. Huyo wa mwisho huwa na faida kuliko anavyodhaniwa, kwa sababu Telemann kwake ni herufi nane tu. Simu zikae mfukoni mpaka kosa la tatu. Baada ya hapo ruhusuni swali moja la kutafuta, la mwaka au la nchi.

Kadi msikate kwenye karatasi ya kawaida, maka peni inapenya na jina linasomeka upande wa pili. Chukueni manila ya A4, karatasi mbili. Kila moja ikunjwe mara tatu, nusu kwa nusu, mpate vipande vinane vya karibu sentimita 7.4 kwa 10.5. Jumla 16. Andikeni kwa herufi kubwa na mtumie tahajia moja: mkichagua Handel msichanganye na Händel, hasa kama kuna kundi la herufi.

Mimi ni mwalimu wa kwaya Mafinga. Wanakwaya wangu wanasoma sol-fa tu, historia ya watunzi hawaijui. Naweza kuwatungia fumbo?

Mwalimu, hiyo sol-fa ndiyo mtaji wako. Tunga kundi la majina yanayoimbika. Kwa Wajerumani herufi B ni noti iliyo nusu toni chini ya ile tunayoiita B hapa, na hiyo ya kwetu wao huiita H. Weka do kwenye C. Bach anakuwa *ta l d t* (*ta* ni ti iliyoshushwa nusu toni), na mwenyewe aliitumia sauti hiyo katika fuga ya mwisho ya *Die Kunst der Fuge*, ambayo haikukamilika. Amy Beach wa Marekani ni *ta m l d t*. John Cage ni *d l s m*. Niels Gade wa Denmark ni *s l r m*. Andika noti hizo kwenye kadi badala ya majina, au andika majina na uwaache wazigundue kwa kuimba.

Usimweke Shostakovich, mtunzi wa Urusi, humo. Saini yake D-S-C-H, ambayo ni *r ma d t*, imetoka kwenye herufi chache za jina lake tu, na mtu makini atakupinga.

Makundi mengine matatu yajenge kwa vitu wanavyoviimba tayari. Na unapomaliza kutunga, chukua kila jina kati ya 16 ujiulize kama linaweza kuingia kundi la pili. Majina mawili au matatu ya namna hiyo yanatosha. Yakifika sita utapata majibu mawili bila kujua.

Soweto, Mbeya: kundi lilikuwa "waliotunga muziki wa nyimbo za taifa". Tuliweka Haydn, Gounod, Sibelius na Beethoven. Tumekosea wapi, na Sontonga alikuwa anafanya nini kati ya watunzi hao? Tagore pia alikuwemo.

Mlikosea wawili. *Finlandia* ya Sibelius si wimbo wa taifa wa Finland. Muziki wa wimbo wa taifa wa Finland ni wa Fredrik Pacius, 1848. Sauti ya Beethoven kutoka Simfonia ya Tisa ni ya Umoja wa Ulaya, na huo si taifa. Haydn ni sahihi: alitunga sauti yake mwaka 1797 kwa ajili ya Kaisari Franz II, aliyetawala Austria, leo inaimbwa na Ujerumani. Gounod ni wa Vatican, tangu 1949. Tagore ni wa India. Na Enoch Sontonga, wa Afrika Kusini, alitunga mwaka 1897 sauti mnayoiimba kila mnaposimama kwa "Mungu ibariki Afrika". Yeye ndiye kadi ambayo meza yenu ilipaswa kuiokota kwanza.